Daftari la saa: kumbukumbu ya fundi aliyechoka kusema "kesho"

2 Rajab

Jana mteja alikuja kuchukua gauni lake la harusi ya mdogo wake. Harusi yenyewe ilikuwa jana hiyo hiyo, baada ya Isha. Gauni alilikuta mezani: limekatwa, mikono huku, bitana kule, zipu bado imo kwenye karatasi yake. Hakunifokea. Aliokota mkono mmoja, akaukunja vizuri, akaurudisha mezani. "Fundi, wewe hukosi neno," akasema, akenda zake.

Nililimaliza saa mbili kasorobo usiku nikalipeleka mwenyewe kwa tuktuk, bitana haijapigwa pasi. Alilipokea mlangoni bila kunitazama.

Nina miaka 14 kwenye cherehani, na tusidanganyane, fundi wa nguo na "kesho" ni pete na kidole. Miaka yote nimejiambia kwamba mimi ni mzito tu, ndivyo nilivyoumbwa. Sasa nataka kujua kwa hesabu. Nimenunua daftari la kurasa 96, nimelipiga safu nne: saa niliyoanza, saa niliyomaliza, kazi gani, nani kanikatiza. Nitaandika mpaka Idi. Lengo ni moja, Idi hii asiwepo mtu wa kuambiwa kesho.

5 Rajab

Balaa la kwanza. Daftari naliandika kwa saa zetu, na ratiba nimeipanga kwa adhana, kwa sababu ndiyo saa nisiyoweza kuizima. Tena hapa Mombasa, digrii 4 tu kusini mwa ikweta, adhana hazihami sana mwaka mzima. Alasiri ya leo na ya miezi sita ijayo zinapishana kwa dakika chache. Nikapanga: kukata kabla ya Adhuhuri, kushona mpaka Alasiri, pasi na vifungo baada yake.

Kisha nikampa binti yangu daftari aniwekee kengele kwenye simu. Nilikuwa nimeandika "2:30 kuanza kukata". Naye akaweka 2:30 vile vile. Simu ikalia saa nane unusu ya usiku, kwa sauti ya juu kabisa. Tumeamka nyumba nzima kama wa daku, na Ramadhani bado miezi miwili.

11 Rajab

Wiki ya kwanza imeisha. Nafungua duka saa mbili asubuhi, nafunga saa kumi na moja jioni, yaani dakika 540. Wastani wa siku sita umekuja hivi: kushona 205, kupima na kukata 70, wateja wa kuulizia 80, simu 55, kutafuta vitu 35, chakula na sala 60. Zimebaki 35 ambazo sijui zimekwenda wapi, na daftari pia halijui.

Nilidhani mwizi wangu ni simu. Kumbe ni "nimepita tu". Mteja anasimama mlangoni: "Fundi, sikuja kukuuliza, nimepita tu." Anaketi. Tunaulizana hali, watoto, na yule mgonjwa. Ndipo anauliza. Nasimamisha mashine, nafukua rundo kutafuta kitambaa chake, namwonyesha kipo, namwambia kesho. Huyo mmoja ni dakika 12, na kwa siku wanakuja sita au saba. Wala siwalaumu. Wanapita kwa sababu nguo zao zimechelewa, na nguo zao zinachelewa kwa sababu wanapita.

Za kutafuta vitu nyingi ni mkasi. Nyingine ni zipu: Jumatano nilifunga duka kwenda Mtaa wa Biashara kununua zipu moja ya kijani. Moja. Dakika 50 na nauli. Sasa nimenunua dazeni kwa kila rangi inayokwenda sana.

12 Rajab

Stima imekatika tangu saa tatu mpaka saa saba. Nimeshona kwa cherehani ya mguu. Overloki, mashine ya kufunga kingo za kitambaa, imelala.

19 Rajab

Mtoto wa dada yangu, yuko chuo, kanifundisha mbinu ya Mwitaliano mmoja, Francesco Cirillo. Mwishoni mwa miaka ya 1980, akiwa mwanafunzi, kusoma kulikuwa kukimshinda, akachukua saa ya jikoni yenye umbo la nyanya akawa anaitega: dakika 25 za kazi tupu, 5 za kupumzika, kisha tena. Ikaenea dunia nzima, nayo inaitwa nyanya vile vile, kwa Kitaliano.

Nimeijaribu siku nne. Huenda kwa mtu wa vitabu ni dawa. Kwangu kengele inalia wakati nimeshika mkono wa gauni, nusu umeingia kwenye bega, pini 11 zimesimama, na vidole vyangu ndivyo vinavyozuia kitambaa kisijikunje. Ukiacha hapo ukanywe maji, ukirudi mkono una marinda ambayo mteja hakuyaagiza.

Lakini wazo la kupumzika kwa zamu nimelipenda, basi nikatafuta nyanya yangu. Nimeipata chini ya mashine: bobini, kile kigurudumu cha uzi wa chini. Bobini iliyojaa inanichukua kati ya dakika 35 na 50, inategemea mshono, na ikiisha uzi imeisha, hata ukikasirika. Hapo lazima usimame. Kwa hiyo bobini ikiisha ndio mapumziko yangu: nanyoosha mgongo, nanywa maji, naangalia simu, kisha natia nyingine. Kabla ya kufunga duka najaza bobini sita za rangi za kesho, nazipanga kwenye kopo. Zamani nilikuwa najaza katikati ya kazi, nachomoa uzi wa juu, naweka mwingine, narudi, na nikirudi nimesahau nilikuwa kipande gani.

27 Rajab

Kivuko. Mimi ni wa Likoni, duka liko Majengo, kila siku navuka mara mbili. Maji yenyewe ni kama mita 500, na waendao kwa miguu hatulipi, lakini safari imenichukua dakika 20 siku moja na 70 siku ya pili, kwa sababu ya umati, au meli inaingia bandarini na kivuko kinaipisha.

Nikasema hizi nazo nizitumie. Jumatatu nikabeba shati la shule na vifungo vyake. Kifungo cha tatu, umati ukasukuma, sindano ikaingia mkononi mwa mzee wa watu aliyebeba kuku. Aliruka yeye, akaruka na kuku. Nimeomba radhi mpaka ng'ambo ya pili.

Nimefuta mpango huo. Kivukoni sifanyi kitu. Naangalia maji. Naandika "kivuko" kwenye safu ya kazi, basi.

6 Shaaban

Leo ndiyo siku niliyoona tatizo lenyewe, na limenichoma kuliko lile gauni.

Kwa mwezi mzima nimepima kila nguo tangu chaki mpaka pasi. Dera: nilikuwa nawaambia watu, na kujiambia mwenyewe, ni dakika 50. Ni 95. Gauni lenye bitana na zipu nilikuwa nahesabu saa mbili. Ni dakika 250, saa nne na dakika kumi. Yule kijana wa chuo anasema hata hili lina wenyewe. Wanasaikolojia wawili, Daniel Kahneman na Amos Tversky, waliliandika mwaka 1979: mtu akikadiria kazi yake mwenyewe hukadiria ile siku ambayo hakuna kinachoharibika. Siku hiyo mimi bado sijaiona Majengo.

Nikarudi kwenye wiki ya kwanza ya daftari. Kushona na kukata ni dakika 275 kwa siku. Kwa siku sita ni 1,650. Gawanya kwa 250: magauni sita, na la saba halifiki kiunoni. Nikafungua kitabu cha arbuni cha wiki ile ya harusi. Nilikuwa nimepokea magauni 11.

Kumi na moja! Hata ningeshona bila simu, bila "nimepita tu", yasingeisha. Wale watu niliwachelewesha siku ile ile nilipopokea arbuni zao, huku nikitabasamu. Nilikuwa nauza saa ambazo sina.

17 Shaaban

Ubao. Nimeutundika pembeni mwa mlango, unasomeka kutoka barabarani. Kila mteja ana namba kwenye risiti yake, na mbele ya namba nimeandika siku ya kuchukua. Ikiwa tayari, naweka alama ya vema. Majina sikuweka, mtu hataki jirani ajue anashonesha magauni mangapi.

Mwuza mahamri wa jirani anacheka: "Fundi, umekuwa benki." Lakini wiki hii wa kuulizia wameshuka mpaka dakika 30 kwa siku. Wanasoma, wananipungia mkono, wanaendelea. Wawili wameketi kuzungumza hata hivyo, nami nimefurahi kuwa nao, maana sikuwa na hofu ya swali.

28 Shaaban

Hesabu ya Ramadhani. Nitafunga duka Alasiri niwahi futari, kwa hiyo naweka dakika 260 za kazi kwa siku. Mwezi huwa na siku 29 au 30, na hakuna anayejua mpaka uandame, kwa hiyo napanga kama ni 29. Nataka kila kitu kiwe tayari tarehe 27. Nikitoa Jumapili nne nabaki na siku 23, dakika 5,980. Madera 40 ni 3,800. Magauni manane ni 2,000. Jumla 5,800.

Zinabaki dakika 180. Saa tatu za dharura kwa mwezi mzima.

9 Ramadhani

Ubao umejaa, nimeandika chini yake "Oda za Idi zimefungwa". Nimewarudisha watu sita. Mmoja ni mteja wangu wa tangu miaka minane, kaondoka kanuna, nami najua ameenda kwa fundi wa mtaa wa pili, aliyemwambia "hakuna shida". Nimeumia. Pesa ile nilikuwa na kazi nayo.

Kisha kaja shangazi na kitambaa kwapani. "Mwanangu, mimi pia ni oda?" Shangazi hakatazwi. Saa za dharura zimebaki dakika 85.

13 Ramadhani

Nimejaribu kushona baada ya tarawehe. Mkono wa kulia nimeuweka kushoto, na wa kushoto nimeuweka ndani nje. Asubuhi nimefumua yote. Kazi ya usiku inanitoza mara mbili, nimeiacha.

20 Ramadhani

Mtoto ana homa, sikufungua jana wala leo. Dakika 520 zimekwenda na nilikuwa na 85. Zamani ningenyamaza nikaanza kusema kesho. Jioni hii nimeketi na ubao nikaona kila dera lina kama dakika 25 za pindo na pasi, ambazo si lazima niwe mimi. Kuna msichana wa jirani amemaliza kozi ya ushonaji, hana mashine. Nimempa kiti na cherehani ya mguu, malipo kwa kila nguo. Madera 18 yaliyobaki, 450 hizo. Faida itapungua, nimeiandika pia.

27 Ramadhani

Dera la mwisho limepigwa pasi baada ya Adhuhuri. Ubao wote vema. Nimeupiga picha.

29 Ramadhani

Nguo tano bado zimetundikwa, wenyewe hawajaja. Nimewapigia simu mmoja mmoja. Watatu wamekuja. Wa nne hapokei. Wa tano ni yule mteja wa Rajab, wa gauni la harusi ya mdogo wake, aliyeniambia sikosi neno. Alirudi mwezi wa Shaaban kuleta dera la Idi, na mpaka leo sijui kwa nini alinirudia. Dera lake limekuwa tayari tangu tarehe 16.

"Nimebanwa, fundi," kaniambia. "Nakuja kesho."

Nimecheka mpaka nikaketi chini. Naye akanyamaza kidogo kwenye simu, kisha akacheka pia.

Magharibi tumekaa na redio kusubiri tangazo la Kadhi Mkuu. Mwezi haukuonekana. Kesho tunafunga, tunatimiza 30.

30 Ramadhani

Nimefungua kuwangoja hao wawili. Duka limefagiwa, meza tupu, kopo la bobini limejaa. Siku kama ya leo, miaka yote, nilikuwa chini ya rundo, macho mekundu, mlango nimeurudishia ili wasinione.

Chini kabisa ya kabati nimekuta kitambaa changu mwenyewe, cha dera la Idi ya mwaka jana, kimekatwa, pini zimeshika kutu kidogo. Nimezing'oa na kutia mpya. Bobini ya samawati ipo.

Mteja: mimi. Arbuni: hakuna. Kuanza: saa tatu kasoro dakika ishirini.