Mombasa kwa Kupitia Shimoni

Jana binti yangu kaniuliza kama nimewahi kutoka nje ya nchi. Sijafungua mdomo, baba yake akadakia: "Mombasa tu, na Mombasa si nje." Nimemwacha. Yeye mwenyewe Tanga kaiona ana ndevu.

Likizo ya Juni, 2007. Msafara ulikuwa wetu wanafunzi wa Pemba, klabu ya historia. Nauli tuliichanga msimu mzima wa karafuu, jioni kwa jioni tukichambua za watu kwa malipo ya pishi. Hati za safari tukazihangaikia wenyewe, leo kwa sheha, yule mkuu wa mtaa, kesho Uhamiaji. Mwalimu alitoa sharti moja: "Mimi abiria. Mkipotea, napotea na nyie." Mshika fedha nani, mnajua. Noti zote nilizishonea kwenye pindo la gauni la ndani.

Boti ya Tanga ikatutapisha. Njia ya Horohoro, kilomita 65 za vumbi kabla haijatiwa lami, ikatumalizia. Lunga Lunga, mpakani upande wa Kenya, tukagongewa mihuri. Ngome ya Yesu, aliyoanza kuijenga Mreno 1593, tukaizunguka na daftari mkononi, na kivuko cha Likoni wengine walikipanda mara ya pili bila sababu. Mengi ya huko yamenitoka.

Shimoni, kijiji cha wavuvi kusini mwa Mombasa, haijanitoka. Tuliingia wakati wa kurudi, kwenye ratiba imeandikwa "mapango ya watumwa, saa moja". Tulipotoka mapangoni tukaketi karibu na diko, zinapofikia ngalawa, kunywa maji. Bibi mmoja aliyekuwa akipita na ndoo akasimama kutusikiliza.

"Nyie wa wapi?"

"Pemba, bibi."

"Mie nawauliza Pemba ya wapi."

Akaitua ndoo. Baba yake alikuwa Mkojani, mtu wa kisiwa cha Kojani huko kwetu Pemba, kaja dago, kupiga kambi na wenzake kuvua, akaoa, akabaki. Yeye kazaliwa palepale Shimoni na Pemba hajaikanyaga, ila ukifumba macho ungeapa unazungumza na mtu wa Micheweni. Tulisoma darasani kwamba mpaka 1963 ule ukanda wa maili 10 wa pwani ya Kenya ulihesabiwa wa Sultani wa Zanzibar. Kwa hiyo mzee wa watu alipovuka na ngalawa yake hakuwa amekwenda nchi ya mtu. Hilo mtihani haukuliuliza.

Mjukuu wake alikuwa makamo yetu, anapara samaki. Akaniomba aione hati yangu. Akafuta mikono kwenye kaptula, akanusa vidole, akaenda kunawa tena baharini, ndipo akaipokea kwa ncha. Akasoma jina langu kwa sauti, na la baba, na mahali nilipozaliwa. Alipofika kwenye uraia akanyamaza, akaigeuza nyuma kana kwamba kuna maelezo zaidi.

"Umeipataje?"

"Barua ya sheha, cheti cha kuzaliwa, picha."

"Sheha anakujua?"

"Anamjua baba."

Akacheka. "Na mie chifu ananijua. Babangu anamjua. Pweza wetu anamla. Kitambulisho anasema hana cha kunipa, niende kwetu." Akanirudishia. "Sasa kwetu ndiyo huko kwenu?"

Sikuwa na jibu. Dereva akapiga honi. Mwenyekiti wetu, ambaye mpaka leo huwezi kumchelewesha hata msibani, akasema saa moja imekwisha na gari ni la kukodi. Tukabishana, tukapiga kura kwa mikono, tukabaki. Mwalimu tulimtazama, akatazama kisiwa cha Wasini ng'ambo ya maji kama hatujui. Usiku ule tulilala Tanga na njaa, maana nyongeza ya dereva ilitoka kwenye pindo langu.

Bibi alinipa ujumbe kwa ndugu wa babake Kojani: salamu, na je, ile mikarafuu ya marehemu ingali imesimama? Niliufikisha. Mzee alinisikiliza vizuri, akaitikia salamu, akanikaribisha uji. Halafu akauliza taratibu: "Wanataka kurudi?" Nikasema sijui. "Wana karatasi yoyote?" Nikasema hawana. Akashusha pumzi, akaniongeza uji.

Mwaka 2023 Kenya iliwatambua rasmi Wapemba wa pwani yake kuwa raia. Nilizipekua picha kwenye simu nikimtafuta yule kijana, mtu mzima sasa, sikumwona. Shimoni tena sijafika. Yule mzee wa Kojani amekwisha kufariki, mikarafuu wameirithi wanawe, na nikikutana nao sokoni Wete tunaulizana hali tu. Ile habari ya Shimoni babao hakuwaambia, nadhani. Mie nami sijawaambia, na sijaamua kama ni langu kusema.