Kina cha Picha na Mpaka wa Macho Mawili

Wengi wetu tunaopiga picha za pande tatu hapa Nairobi tumewahi kushangaa jozi ya picha (moja ya kila jicho) inayopendeza kwenye simu ikiwachosha watu macho mara inaporushwa ukutani, na lawama ikaangukia projekta. Tuchukue picha iliyopigwa Hifadhi ya Taifa ya Nairobi, nyasi zikiwa mbele na maghorofa ya mjini yakionekana kwa mbali. Kwenye simu, kila picha ikiwa na upana wa sentimita 6, maghorofa ya jicho la kushoto na yale ya jicho la kulia yamepishana milimita 2 tu. Ukiikuza hadi mita 2.4, milimita hizo 2 zinakuwa sentimita 8, ilhali mboni za mtu mzima zimeachana takriban sentimita 6.3, kwa hiyo macho yanalazimika kutazama nje, kila moja upande wake, jambo ambalo hayalifanyi katika maisha ya kawaida.

Hata macho yakielekea vizuri, ubongo nao una kiasi chake. Peter Panum, mwanafiziolojia wa Denmark, alieleza mwaka 1858 kwamba taswira mbili huungana kuwa moja zikipishana kidogo tu. Mpaka huo ni mwembamba sana katikati ya jicho na hupanuka kuelekea pembeni. Ukivukwa, unaona vitu viwili viwili, ingawa (na hili hunifurahisha kila mara) hisia ya kina haipotei papo hapo.

Mwaka 1967 watafiti Derek Fender na Béla Julesz walionyesha kwamba jozi za picha za nukunuku (vitone vilivyotapakaa ovyo, ambavyo kina chake huonekana tu ukizitazama kwa macho mawili) zikishaungana zinaweza kuvutwa taratibu hadi zipishane digrii 2 hivi kabla ya kuachana, lakini zikishaachana haziungani tena mpaka zirudishwe karibu mno, kwenye dakika 6 za digrii, yaani sehemu moja ya kumi ya digrii. Ndiyo maana nasisitiza kwamba katika maonyesho tusiruke ghafla kutoka picha ya mbali hadi ya karibu: macho yapewe muda wa kuzoea.

Kanuni ya wapiga picha za pande tatu ni kwamba lenzi mbili, ya kushoto na ya kulia, ziachane kwa sehemu moja ya thelathini ya umbali wa kitu kilicho karibu zaidi. Kwa jani lililo nusu mita mbele yako, hiyo ni sentimita 1.7 tu, na kamera mbili za kawaida haziwezi kukaribiana hivyo. Hapo tumia kamera moja: piga picha ya kwanza, uisogeze, upige ya pili, mradi upepo umetulia.