Leo Maharage Hayakuungua

"Leo maharage hayakuungua."

Basi, hayo tu. Aliyesema ni bibi wa jikoni, yule Mbondei wa Muheza mnayemjua tangu kisa cha kuku wa Pasaka. Yeye kashika upawa, mimi nimeshika sahani, nyuma yangu foleni ya wanafunzi wenye njaa wananisukuma kwa viwiko. Asubuhi hiyo nilikuwa nimehubiri chapeli, tai bado shingoni. Akanitazama, akanimiminia, akasema maneno hayo, nami nikajibu, "Amina."

Amina ya nini? Mtu anakupa habari za maharage, wewe unaitikia amina!

Tangu hapo sijatulia. Basi liliharibika Segera tukalala njiani, dada amejifungua mapacha pale hospitali ya Bombo, kanisa la Pangani limepiga kura ya kuniita nikalichunge nikimaliza masomo na nimewajibu ndiyo. Yote hayo yamepita, na kichwani mwangu umebaki upawa na sentensi moja.

Kwa mgeni wa ukurasa huu niseme kidogo. Chapeli ya chuo chetu cha wahubiri imepakana na jiko, ukiimba huku harufu ya kitunguu inakuitikia kutoka kule. Ibada huanza saa nne asubuhi na inatakiwa iishe saa nne u nusu, kabla ya kipindi cha Kigiriki. Sisi Wabaptisti hatuna kitabu cha ibada cha kufuata ukurasa kwa ukurasa kama jirani zetu Waanglikana. Kuna tenzi mbili tatu, kwaya ya darasa lenye zamu, maombi ya yeyote aliyeguswa (na daima huguswa kaka mmoja wa mwaka wa pili, ambaye huombea mpaka mipaka ya nchi), halafu Neno. Mimbari iko katikati, si pembeni, maana kwetu mahubiri ndiyo moyo wa ibada. Meza ya Bwana hatuishiriki chapelini. Hiyo ni ya kanisa la mahali, na chuo si kanisa. Kwa hiyo ukisimama pale huna pa kujificha. Neno likipwaya, ibada nzima imepwaya.

Tena wanaokusikiliza ni wahubiri. Kuhubiria wahubiri ni kumnyoa kinyozi: anatulia kitini, lakini jicho lake liko kwenye kioo linatazama unavyoshika wembe. Wana kalamu mkononi, wanahesabu hoja. Mwalimu wa somo la kuhubiri anakaa safu ya nyuma na fomu yake ya tathmini: utangulizi, ufafanuzi wa andiko, mifano, matumizi, sauti, muda, mwaliko. Huo mwaliko ni mtihani peke yake. Kanisani unawaita wasiookoka waje mbele. Chapelini utamwita nani, wakati kila mmoja aliingia chuoni na barua ya mchungaji wake kwamba ameokoka na anajulikana? Wengi wetu huishia kuwaalika watu wajitoe upya, na yule kaka wa mwaka wa pili hujitoa upya kila juma.

Lakini fomu ile haina uzito kama sufuria. Bibi halazimiki kuja chapeli, ana moto wa kuangalia. Husimama mlangoni, ule wa upande wa jikoni, kanga begani, sikio kwa mhubiri, pua kwa maharage. Mahubiri yakimshika, anasahau jiko. Mwaka jana alikuja mzee mmoja mgeni akahubiri habari za Hajiri jangwani, maji yamekwisha kiribani, amemlaza mtoto chini ya kijiti na kwenda kuketi mbali asimwone akifa. Mchana tulikula makaa. Hakuna aliyenung'unika, na wapo waliorudia sahani. Tangu siku hiyo wanafunzi tunapimana hivyo. Mtu akishuka mimbarini haulizwi amepata alama ngapi, anaulizwa, "Je, yameungua?"

Sasa mnaona ninachougulia.

Andiko sikulichagua mimi. Muhula huu tunapita Wafalme wa Pili, na jina langu likaangukia sura ya 4, mstari wa 38 hadi 41. Elisha yuko Gilgali, njaa imeishika nchi, wana wa manabii wameketi mbele yake. Anaagiza sufuria kubwa ibandikwe. Mmoja anakwenda kondeni kuchuma mboga, anakuta mmea wa mwitu, anajaza nguo yake matango asiyoyajua, anarudi na kuyakatia humo. Wanapoanza kula wanapiga kelele kwamba sufuriani mna mauti. Elisha anasema leteni unga, anautia, watu wanakula, hakuna baya. Mistari minne tu. Naipenda kwa sababu hicho ni chuo kama chetu: mwalimu, wanafunzi, njaa na sufuria moja. Na napenda kwamba aliyechuma yale matango hagombezwi na mtu, hata jina lake halitajwi. Chakula hakimwagwi. Kinatiwa unga, watu wanaendelea kula.

Nikapanga hoja zangu tatu: Njaa, Nia, Neema. Najua, najua. Mbaptisti asiye na hoja tatu za herufi moja hajahubiri. Lakini zilikaa vizuri. Kwenye Nia nilikaa sana, maana hapo ndipo penye uchungu: aliyetia sumu ndiye aliyejituma kuliko wote, wenzake walikuwa wameketi wakisubiri kuiva. Nilimaliza kabla ya kengele. Mwalimu akanipa alama nzuri, hata kwenye mwaliko akaandika "vema". Mwenzangu wa chumbani akanipiga bega. Halafu ndiyo ukaja upawa.

Nimelirudia tukio lile mpaka limechakaa. Ile "leo" aliikaza, au ilikuwa "leo" ya kawaida, ya mtu anayesema leo kuna upepo? Alitabasamu kabla au baada? Nakumbuka alinizidishia mchuzi, lakini humzidishia kila aliyekonda. Nakumbuka jicho lake lilikuwa kwangu, si kwenye sahani. Angekuwa mtu wa bara ningesema amesema alichosema, nikaenda zangu kula. Huyu ni wa mkoa wetu wa Tanga. Mkoa uliotoa Black Star na Lucky Star, vikundi vya taarab! Sisi hatumwambii mtu neno. Tunamwimbia, au tunamnunulia kanga akapambane nayo mwenyewe.

Usiku ule Segera, wenzangu wamelala viti vimewakunja shingo, kwanza nilijipendelea: nilimaliza kwa wakati, ndiyo maana hayakuungua, bibi ananishukuru. Nikasinzia nalo wazo hilo. Nikaamka na jingine: hayakuungua kwa sababu hakuna lililomfanya ayasahau. Alisimama pale mlangoni akinisikiliza kwa adabu, na akarudi jikoni kila ilipobidi. Njaa, akakoroga. Nia, akaongeza maji. Neema, akatia chumvi.

Jumamosi nikashuka Deep Sea, kwenye mnada wa samaki, kumsalimia mjomba, nikamkuta ananadi changu. Mjomba ni Mwislamu, mnajua, na hajawahi kunigombeza kwa njia niliyoishika. Hunitania tu kwa kuniita padri, ingawa nimeshamweleza kwamba sisi hatuna mapadri, na husema dini yangu imekuja na meli ya juzi. Hapo siwezi kumbishia sana. Wamisionari wa Kibaptisti kutoka Marekani walianza kazi nchini 1956, na mjomba mwenyewe ana umri kuliko Ubaptisti wa nchi hii. Nikamsimulia yote, upawa na amina.

"Ulihubiri muda gani?"

Nikamwambia haikufika nusu saa.

"Basi kakusifu. Mtume ametufundisha, mtu kurefusha sala na kufupisha hotuba ni alama ya fahamu yake. Bibi huyo ana fahamu. Haya, padri, shika samaki umpelekee mamako."

Nikashika samaki. Nilitaka sana kumwamini, ila mjomba ananipenda, na anayekupenda si wa kumpelekea kesi kama hii.

Mama, kama kawaida, hakuwa na huruma. Alikuwa anakuna nazi uani. Alinisikiliza bila kusimamisha mkono juu ya mbuzi, kisha akauliza jambo ambalo mwalimu na fomu yake hawakuwa nalo.

"Andiko lilikuwa lipi?"

Nikamwambia. Mkono ukasimama.

"Yaani umesimama mbele ya mpishi ukahubiri sufuria yenye mauti?"

"Mama, ni ratiba ya chuo."

"Ukasema ana nia nzuri ila kawalisha watu sumu?"

"Aliyechuma, mama. Si aliyepika."

"Halafu yeye akakwambia maharage hayakuungua." Akaanza kucheka taratibu, tumboni kwanza. "Mwanangu, mwenzio alikuwa anajitetea!"

Alicheka mpaka akashika ubavu. Mama huyu ndiye aliyenitangulia kubatizwa kwa kuzamishwa kwenye maji ya Raskazone akatoka anaimba, hunisikiliza kanisani kama askofu wa kuajiriwa, na sijawahi kumwona akifurahia mahubiri yangu namna ile. Kisha akakumbuka kitu. "Na kile kifurushi alichokupa?"

Asubuhi ya kuondoka bibi alikuwa amenipa kifurushi cha kitambaa, kimefungwa fundo gumu, "mpelekee mama", nami nikakitupia chini ya begi nikidhani ni viungo. Mama akafungua fundo kwa meno. Unga. Unga wa muhogo, mweupe, laini.

Tulitazamana. "Leteni unga," mama akasema kwa sauti ya Elisha kama anavyomdhania yeye, na hapo nami nikashindwa kujizuia. Nilicheka mpaka jirani akachungulia ukutani.

Siwezi kueleza jinsi kile kicheko kilivyonifungua kifua. Bibi alisikia. Si sehemu, yote, mpaka Neema, maana unga uko kwenye Neema. Alisimama pale mlangoni akalisikia andiko zima, akaona linamhusu, akalijibu kwa sentensi moja na kilo kama mbili za unga. Ni wahubiri wangapi hupewa jibu linaloshikika mkononi? Nimekaa na furaha hiyo jioni yote. Mwalimu hupenda kutusimulia habari za John Broadus, Mbaptisti wa Marekani, ambaye seminari yake ilifunguliwa tena 1865 baada ya vita vyao vya wenyewe kwa wenyewe, na darasa lake la kuhubiri likapata mwanafunzi mmoja tu, tena kipofu. Broadus akamwandalia mihadhara kamili, kwa kuwa yule hakuweza kusoma vitabu mwenyewe, na mihadhara hiyo ndiyo iliyozaa kitabu chake cha 1870, ambacho vizazi vya wahubiri wamefundishwa nacho. Siku zote kisa kile nilikiona cha kuwatuliza wachungaji wenye makanisa matupu. Sasa nawaza upande wa pili: yule kipofu alisema nini akitoka darasani? Labda alitoka akasema leo hakukuwa na baridi, na Broadus wa watu akaenda kulala na hilo.

Furaha yangu ilidumu mpaka mama alipozima taa. Gizani akasema, "Lakini mwanangu, Elisha unga aliutia wapi?"

"Sufuriani."

"Penye mauti."

"Ndiyo, mama."

"Na bibi kampa nani?"

Sikumjibu. Nikamsikia anacheka peke yake ndani ya chandarua.

Nikirudi chuoni sitamuuliza bibi. Nikimuuliza atasema maharage ni maharage, na unga ni unga, na kwamba vijana wa siku hizi mnasoma mno. Halafu mama keshanunua kanga ya kumpelekea, kaifunga ndani ya gazeti na uzi, na kanikataza kabisa kusoma jina lake. Hao wawili hawajawahi kuonana, na tayari wanazungumza juu yangu.

Basi hilo nimeliweka chini. Linalonikosesha raha leo ni jirani, yule aliyechungulia. Anachimba kisima. Amekianza tukiwa tunahangaika na mambo ya hospitali, na amekiweka upande wetu kabisa, karibu na shimo la choo chetu. Bwana afya huwaambia watu kisima kikae mita 30 kutoka chooni. Hapa hata kumi sidhani. Nimemwendea kwa heshima, nikamwita kaka, nikakaa kwenye ndoo yake iliyopinduliwa. Anasema nisihofu, maji hayo ni ya kumwagilia mchicha tu. Mchicha wake mnunuzi wa kwanza ni mama. Na dada anarudi hapa na mapacha keshokutwa, bomba limekauka tangu jana, na vijana wa kuchimba wanasema wamefika kwenye mchanga mbichi.