Supu nzito ya kopo: kutoka kikombe hadi gramu

Jumamosi ya kwanza

Mradi huu umeanzia kwenye chakula kilichoniharibikia. Mapishi yalitaka makopo mawili madogo ya supu nzito ya uyoga, ile inayotumika bila kuongezwa maji, iwe mchuzi wa kuku wa kuoka. Mimi nilikuwa na kopo kubwa moja. Nilijua kopo dogo hukadiriwa kuwa kikombe kimoja na robo, basi nikapima vikombe viwili na nusu. Supu ilivyong'ang'ania kikombe, nikawa nakisuuza kwa maji kila mara na kumimina humo humo, nisipoteze kitu. Kuku alitoka anaogelea.

Nilichotaka tangu hapo ni namba moja tu: gramu ngapi. Mizani ya jikoni ninayo, nimekuwa nikiitumia kwa unga peke yake.

Jumapili

Kabla ya kuilaumu supu nilikipima kikombe. Mililita moja ya maji ina uzito wa gramu moja, ukiacha tofauti ndogo ya joto, kwa hiyo mizani yoyote inaweza kukikagua kikombe chochote. Nikakiweka juu, nikairudisha mizani kwenye sifuri, nikajaza maji hadi ukingoni: gramu 251. Kumbe changu ni kikombe cha mililita 250, na mapishi yale yalikuwa ya Marekani, ambako kikombe ni mililita 237. Kwa vikombe viwili na nusu nilizidisha mililita 32 hivi kabla hata ya maji ya kusuuzia. (Tena afadhali kikombe. Kijiko cha chakula ni mililita 15 kwingi, lakini Australia ni 20.)

Jumatano

Zamu ya supu. Nilichota moja kwa moja kutoka kwenye kopo, nikasawazisha kwa mgongo wa kisu, nikapima. Mara tatu: 241, 252, 236. Kikombe kile kile, supu ile ile! Nilikaribia kuamini mizani imekufa, nikarudia kwa maji, ikawa sawa.

Tatizo ni hewa. Supu hii haitiririki. Inaanguka kama donge na kuacha mapango chini na pembeni ambayo huyaoni kwa juu. Ikiwa imetoka kwenye friji ni mbaya zaidi. Safari ya pili niliikoroga kwenye bakuli mpaka ikalainika, nikajaza taratibu huku nikigongesha kikombe mezani. Nikapata 257, 259, 258. Hapo ndipo moyo ulipotulia.

Kisha nikamimina, nikakipima kikombe kilivyo: gramu 17 zimebaki ukutani. Nilipokikomba kwa mwiko wa mpira zikabaki 3. Yaani hata ukijaza kikombe kwa uangalifu wote, kinachofika chunguni ni kitu kingine.

Jumamosi ya pili

Sikutaka kuamini kikombe peke yake, nikatafuta njia isiyojali mapango. Niliweka jagi la kupimia juu ya mizani, maji mililita 500, sifuri. Nikawa nadondosha supu kijiko kwa kijiko, nikikoroga kidogo itoe hewa, hadi maji yakapanda kufikia 700. Mizani ikasoma 207. Supu mililita 200, gramu 207: kila mililita ni gramu 1.035. Ukizidisha mara 250 unapata 259 kasoro, karibu kabisa na vipimo vyangu vya Jumatano.

Nilitegemea namba ya ajabu zaidi, maana kwa macho supu ile inaonekana nzito kama asali. Asali kweli ni nzito, kama gramu 1.4 kwa mililita. Ila ugumu wa kumiminika na uzito ni mambo mawili tofauti. Supu hii sehemu kubwa ni maji. Wanga ndio unaoyashika yasikimbie, na mafuta yaliyomo ni mepesi kuliko maji. Kwa hiyo hesabu ya kubadili ujazo kuwa uzito ilikuwa rahisi siku zote. Kilichoniangusha ni chombo.

Jumapili ya pili

Mtego wa wakia. Lebo ya kopo dogo inasema wakia 10.5, gramu 298. Jagi langu nalo lina mistari ya wakia, na nusura nijaze hadi 10.5. Lakini zile za lebo ni wakia za uzito, gramu 28.35 kila moja, na za jagi ni wakia za ujazo za Marekani, mililita 29.57 kila moja. Ningepata mililita 310, sawa na gramu 321. Ziada ya gramu 23 kwa kila kopo, kisa jina moja la vipimo viwili.

Nimeandika kwa kalamu ndani ya mlango wa kabati: kopo dogo 298, kikombe cha Marekani 245, kikombe changu 259, nusu ya kikombe changu 129. Siku hizi naweka bakuli la kuokea juu ya mizani na kuteka supu humo humo hadi namba itimie. Hakuna kikombe cha kuosha.

Jumamosi ya tatu

Kuku tena, gramu 596, bila maji ya kusuuzia. Mchuzi ulishika. Ulizidi chumvi, lakini hiyo si kazi ya mizani. Wiki ijayo naipima supu nzito ya nyanya kwa njia ya jagi. Ina sukari zaidi na haina vipande vya uyoga, nadhani itapita 1.035.