Tiketi za Mwaka 1999

Jumapili ya tarehe 7 Aprili 2019 ilikuwa Siku ya Karume, kiwanda kimefungwa. Jumatatu asubuhi malori ya alizeti yalikuwa yamejipanga getini kwetu Kizota, Dodoma, karani wa mizani akanipigia simu: mfumo wa uhasibu unazikataa tiketi zake.

Nilikuta saa iko sawa hadi dakika, na siku ni Jumatatu. Tukahangaika na nyaya weee, mpaka dereva mmoja mzee aliposoma tiketi yake: 23/08/1999.

“Fundi, kwa hesabu hii Mwalimu bado yu hai!”

Foleni nzima ikacheka. Na kweli, Nyerere alifariki Oktoba ya mwaka huo.

Kwa kuwa intaneti yetu ilikuwa ya kukatikakatika, mitambo yote ilichukua saa kwenye kipokezi cha GPS, antena yake juu ya bati. Setilaiti za GPS hutaja tarehe kwa namba ya wiki, zikihesabu tangu 6 Januari 1980, lakini namba hiyo imetengewa biti 10 tu, yaani nafasi kumi za 0 au 1. Ikifika 1023 inarudi sifuri. Ilirudi mara ya kwanza Agosti 1999, na mara ya pili usiku ule wa kuamkia Karume, sekunde 18 kabla ya saa tisa. Setilaiti hazikuwa na kosa. Kipokezi chetu kikongwe ndicho kilichodhani bado ni mzunguko uliopita. Tena kwa kuwa zilipotea wiki 1024 kamili, Jumatatu ilibaki Jumatatu. Laiti saa ingepotea hata kwa nusu saa, tungeliona mapema.

Seva ya uhasibu niliishuku bure. Programu yake ya NTP, ile ya kulinganisha saa kupitia mtandao, ikiona tofauti inazidi sekunde 1000 hujizima, haifuati; ndiyo maana seva ilibaki na tarehe sahihi, ikazikataa tiketi. Kompyuta ya mizani na mashine ya alama za vidole zilimeza tu zilichopewa. Kwenye orodha ya mahudhurio, vijana wa zamu ya asubuhi walionekana wameripoti kazini tangu 1999, wakaanza kuulizana malimbikizo yao yatalipwa lini.

Nikachomoa kipokezi, nikarekebisha saa kwa mkono, mashine moja baada ya nyingine. Bosi aliuliza bei ya kipokezi kipya, akaguna. Mhasibu naye alikaa kwenye kibanda cha mizani akiandika tarehe upya kwa kalamu na kugonga muhuri kila tiketi, na lori la mwisho lilishusha mzigo magharibi.