Kura 233,211 na Sahihi Tatu

Watu wakinisifu kwamba mwaka 2022 niliwapatanisha Mwalimu na Fundi, huwa napokea sifa na kunyamaza. Ukweli ni kwamba nilikuwa natafuta sahihi.

Chama chetu cha kuweka akiba kina watu tisa, tuliosoma pamoja hapa Nakuru, na mimi ndiye mweka hazina. Akaunti ina watia sahihi watatu, na benki haitoi hata senti mpaka wote watatu waweke mkono. Siku tunaifungua tulijiona wajanja: mwizi atapitia wapi? Watatu hao ni mimi, Mwalimu na Fundi. Tulikuwa tumepata ploti nje kidogo ya mji, amana laki tatu na kitu, na mwenyewe akatupa hadi mwisho wa Agosti. Agosti ya uchaguzi! Aliyekubali tarehe hiyo ni mimi.

Mwalimu ni mtu wa Baba, yaani Raila Odinga, tangu 1997, kura yake ya kwanza. Fundi ana gereji, na William Ruto, mpinzani wa Raila, alipoanza kuzungumzia mahasla, yaani watu wa kuhangaika, na wilibaro, nembo ya chama chake, Fundi alisema hatimaye kuna mtu anayemwona akiwa amelala chini ya gari. Hawa wawili walikalia dawati moja, na kila mmoja alimsimamia mwenzake harusi. Kufikia Julai walikuwa wanasalimiana kwa kukohoa.

Ushauri nilioletewa ungejaza gunia. Shemeji alisema niwafukuze wote wawili kwenye kikundi hadi siasa iishe. Mwanachama mmoja alikuwa akinitumia picha za njiwa kila asubuhi, na maneno ya amani, upendo na umoja kama tumerudi enzi ya Nyayo, Rais Moi. Njiwa hatii sahihi benki. Na mimi nilikuwa mji huu huu Januari 2008, wakati wa ghasia za baada ya uchaguzi, kwa hiyo sikuwa na hamu ya kuambiwa kwamba mambo haya huisha yenyewe.

Nikabuni faini. Atakayetaja siasa kwenye WhatsApp, shilingi 200 kwa M-Pesa, papo hapo. Nilijivuna sana na sheria ile. Ilidumu siku mbili. Siku ya tatu Fundi akatuma picha ya wilibaro, bila neno. Nikamtoza. Akauliza, "Tangu lini wilibaro ikawa siasa? Nabeba kokoto." Mwalimu akajibu kwa chungwa, nembo ya ODM, chama cha Raila. Nikamtoza naye. Akasema anauza matunda. Ikafika mahali mke wa mwanachama mmoja akituma orodha ya soko, watu wananiuliza kwa nini machungwa yake hayatozwi. Mfuko wa faini ukanona kuliko mfuko wa dharura. Sheria yangu ilikuwa imefanya uchokozi kuwa burudani yenye kiingilio.

Tulipiga kura Jumanne, tarehe 9. Siku zilizofuata zilikuwa mbaya kuliko kampeni, kwa sababu ya televisheni. Tume ya uchaguzi ilikuwa inaweka mtandaoni fomu za 34A, zenye matokeo ya kila kituo, za vituo zaidi ya elfu 46, na kila kituo cha habari kikajumlisha kwa mpangilio wake. Ukitazama hapa Raila anaongoza, ukibonyeza kule Ruto yuko mbele. Mwalimu alikuwa na chaneli yake na Fundi ana yake. Wote wawili walikuwa wameshinda kwa siku tatu mfululizo, na hakuna mtu mgumu kuzungumza naye kama mshindi.

Jumatatu tarehe 15, Bomas, ukumbi wa kutangazia matokeo Nairobi. Mnakumbuka viti vilivyorushwa pale jukwaani. Makamishna wanne wa tume wako hoteli ya Serena wakisema hawautambui mchakato, huku mwenyekiti wao Chebukati akisoma: Ruto 7,176,141, Raila 6,942,930. Simu yangu ikalia. Ilikuwa M-Pesa kutoka kwa Fundi, shilingi elfu mbili. Kabla sijauliza za nini, wilibaro kumi zikaingia kwenye kikundi, zimepangwa mstari mmoja. Alikuwa amelipia mapema! Dakika moja baadaye: Mwalimu ameondoka.

Nilibaki na wiki mbili na sahihi moja, yangu.

Nilijaribu kumpigia Mwalimu na kumbembeleza kwamba uchaguzi umepita, maisha yaendelee. Usimwambie hivyo mtu aliyeshindwa. Alinijibu polepole, kwa sauti ya darasani, kwamba maisha yataendelea Mahakama ya Juu ikisema. Akaanza kunieleza habari za fomu zilizobadilishwa. Hapo ndipo akili ikanijia, na naomba nisifiwe kwa hili moja tu. Nikamwambia: "Mwalimu, fomu si ziko wazi kwa kila mtu? Njoo Jumamosi kwangu unithibitishie. Kompyuta ninayo, bando ninalo." Nikakata simu, nikampigia Fundi: "Mwalimu anakuja kwangu Jumamosi kuthibitisha mliiba. Utamwachia ajumlishe peke yake?"

Wote wawili walifika kabla ya saa. Walikaa ncha mbili za kochi.

Nilikuwa nimechapisha fomu za shule tuliyopigia kura. Ilikuwa na vituo vinne, maana kituo kimoja hakikuruhusiwa kupita wapigakura 700, na sisi tuligawanywa kwa alfabeti. Sharti langu lilikuwa moja: kila mtu asome kura za mgombea wa mwenzake kwa sauti, na mwenye mgombea aandike. Yaani Fundi asome za Baba, Mwalimu asome za Ruto. Mtu akiisoma namba ya adui kwa mdomo wake mwenyewe hawezi kusema hakuiona. Fomu ya kwanza ilisomwa kama tangazo la kifo.

Ya pili ndiyo iliyovunja barafu, kwa sababu ya tarakimu. Fundi alisoma 1, Mwalimu akaona 7. Mwalimu akavua miwani, akatoa mfukoni kalamu nyekundu (mwalimu wa kweli haiachi nyumbani hata Jumamosi) na kuanza kusahihisha mwandiko wa msimamizi wa kituo. Saba haina mkia, alama moja imepungua. Kumbe uchaguzi wa 2013 aliwahi kuwa karani wa kura, akaanza kumfundisha Fundi kura iliyokataliwa huwaje, na kwa nini mawakala wa vyama hutia sahihi pale chini. Fundi akiuliza maswali, Mwalimu akijibu. Mimi nikachemsha chai na kujifanya sipo.

Kwenye fomu ya tatu Mwalimu alinyamaza. Wakala wa Azimio, muungano wa Raila, aliyetia sahihi alikuwa mwanafunzi wake wa zamani, na mwandiko wake anaujua. "Huyu hawezi kudanganya," alisema, "hata wizi wa mtihani ulimshinda." Akaweka kalamu chini. "Kituo chetu sina neno. Kwingine tusubiri mahakama." Fundi alifungua mdomo. Nikamkanyaga mguu chini ya meza.

Kisha wakamwona Wajackoyah. Kura mbili, kwenye kituo chenye herufi za majina ya watu wanne wa chama chetu. Yule mgombea urais aliyeahidi kutajirisha nchi kwa bangi na nyoka! Mwalimu na Fundi waligeuka na kunitazama kwa pamoja, na kwa mara ya kwanza tangu Aprili walikuwa upande mmoja. Nilihojiwa dakika kumi. Sikukiri wala kukana. Wakicheka hivyo, nikasukuma karatasi ya benki kati ya vikombe. Wakatia sahihi.

Jumatatu benki ikairudisha. Mwalimu alikuwa ametumia ile kalamu nyekundu.

Ilibidi waje wenyewe, wote wawili, kwa gari la Fundi lenye mlango mmoja usiofunguka, na kusimama foleni asubuhi nzima. Nasikia walizungumza habari za bei ya mafuta tu. Ploti tuliilipia tarehe 30.

Tarehe 5 Septemba majaji saba wa Mahakama ya Juu walikubaliana kwa kauli moja kwamba Ruto ameshinda. Jaji Mkuu Koome alipofika kwenye dai moja akaliita hewa moto, na jioni hiyo Fundi akamtumia Mwalimu M-Pesa ya shilingi 233, shilingi moja kwa kila kura elfu za ile tofauti. Niliposikia nikajua kazi yangu yote imeungua. Mwalimu akarudisha 234. Nikawaacha.

Hakuna aliyebadilisha mawazo kwa sababu ya zile fomu, msije mkafikiri hivyo. Walibadilishwa na mambo mengine. Kodi za 2024 zilipofika gereji, Fundi ndiye aliyekuwa akitukana serikali kwenye kikundi, na Mwalimu, watu wake wa ODM walipoingia baraza la mawaziri, akawa anatuomba tuwe na subira na serikali jumuishi. Machi 2025 Ruto na Raila walipotia sahihi mkataba wao pale KICC, Fundi aliandika kwamba hao wamepata sahihi mbili kirahisi kuliko mweka hazina wetu. Nilimtoza.

Asubuhi ya tarehe 15 Oktoba 2025, habari za kifo cha Baba zilipofika kutoka India, nilimpigia Mwalimu mara nne bila kupata jibu. Nilipofika kwake, nilikuta gari la mlango mbovu limeegeshwa nje. Fundi alikuwa amefunga gereji na kukaa naye sebuleni, televisheni imezimwa sauti. Mwalimu alisema, "Lakini tulishinda." Fundi akamjibu, "Mlishinda, Mwalimu." Akamwongezea chai.

Sasa inakuja Agosti 2027 na nimejipanga mapema. Faini ni shilingi 500, na kokoto, matunda na nyoka vyote vimo kwenye orodha. Pia nilikwenda benki kuomba watia sahihi wapunguzwe wawe wawili. Wakasema inawezekana, nilete tu barua iliyotiwa sahihi na wote watatu.