Melatonini, wifi yangu na usingizi wa wakati wa kemo

Wifi yangu alishatoa hukumu kabla ya daktari: melatonini, ile homoni ya usingizi inayouzwa kwa vidonge, inaua kansa, meza kwa wingi, hizo dripu ni biashara ya watu. Eti kuna Mwitaliano kathibitisha. Mimi nilichotaka ni kulala tu! Natibiwa kansa ya titi, na kila nikitoka kwenye kemo, zile dripu za dawa za kansa, nilikuwa macho kodo, saa nane usiku nasugua masufuria.

Mama mkwe alijaribu kwanza. Akakwangua kungumanga kwenye maziwa ya moto, akatia na hiliki, akasimama mlangoni kuhakikisha nimemaliza. Mimi ni mtu wa Tanga, kungumanga naijua tangu utotoni, lakini mdomo wa kemo una mambo yake. Maziwa yalikuja na ladha ya chuma, yakafika nusu ya safari, yakarudi yote juu ya khanga mpya aliyoniletea wifi. Nilikesha nikifua.

Mpwa wangu wa Marekani akatuma chupa ya melatonini. Huko inauzwa dukani kama kirutubisho. Uingereza mpaka cheti cha daktari. Nikaibeba ilivyo hadi kliniki. Daktari aliniuliza kwanza dawa nyingine ninazotumia, hasa za kuzuia damu kuganda na za sonona, maana zipo zisizopatana nayo. Kuhusu yule Mwitaliano, daktari akasema yupo kweli, ni Paolo Lissoni, daktari wa saratani wa Monza, Italia. Miaka ya 1990 aliwapa wagonjwa miligramu 20 jioni pamoja na kemo, akaripoti nafuu kubwa. Ila majaribio yalikuwa madogo, na wagonjwa walijua wanachomeza. Baadaye Kanada wakawapa watu waliofanyiwa upasuaji wa saratani ya mapafu miligramu hizohizo kila usiku kwa mwaka mzima, wengine wakipewa vidonge visivyo na dawa ndani. Matokeo yalitoka 2021: kiwango cha ugonjwa kurudi hakikutofautiana kati ya makundi hayo mawili. Nilimsimulia wifi, akanuna wiki nzima.

Mwizi wa usingizi wangu alikuwa deksamethasoni, vile vidonge vya kuzuia kutapika. Nilikuwa nameza cha pili jioni. Daktari akakihamishia mchana. Msijihamishie wenyewe, kuna kemo ambazo dozi ya usiku ni lazima.

Sasa ujanja wangu. Mwili hutengeneza melatonini yake gizani, na taa ya ulinzi ya jirani ilikuwa inamulika kitandani kwangu kama mchana. Nikachukua baibui la zamani la wifi, nikalipigilia dirishani. Giza totoro! Simu ikalala sebuleni.

Ndipo nikaanza kidonge cha miligramu 3, saa moja hivi kabla ya kulala. Usingizi ulikuja upesi zaidi, ingawa asubuhi kichwa kilikuwa kizito. Chupa ilimgharimu mpwa kama elfu thelathini za kwetu, na chupa nyingine za namna hii zikipimwa hukutwa na kiasi tofauti kabisa na kilichoandikwa. Ule uchovu wa kemo, wa kupumzika ukitoka chooni, haukuguswa kabisa. Hamu ya kula vilevile.